MTANDAO UKIZOROTA OFISINI: USIMLAUMU MTU KABLA YA KUULIZA JINA

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Ilikuwa tarehe 20 ya mwezi, siku ambayo wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani huwa hawana raha mpaka ritani zao ziwe zimepokelewa. Katika ofisi moja ndogo pale Kirumba, juu kidogo ya barabara iteremkayo kwenda soko la dagaa la Mwaloni, watu 11 walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakingoja zamu. Miongoni mwao alikuwamo baba mmoja kutoka Sengerema, aliyevuka asubuhi ile kwa kivuko cha Kamanga pamoja na binti yake, kuja kujaza fomu ya kuomba mkopo wa masomo. Alikuwa ameshika bahasha ya vyeti kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai.

Ofisi yenyewe si kubwa. Ina kompyuta tano, mashine moja ya kuchapishia, mashine ya kutoa nakala, na kile kisanduku chenye vitaa ambacho vijana hukiita ruta. Kazi yake ni kuchapa barua, kujaza fomu za Serikali na kuwatolea wananchi namba za malipo. Ni ofisi inayolisha familia nne.

Lakini kwa muda wa miezi miwili mambo hayakuwa mazuri. Ukurasa uliozoea kufunguka mara moja ulianza kusita. Mtu alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena, skrini ikabaki nyeupe. Mara ghafla ukurasa wote ulifunguka kwa mkupuo, kana kwamba hapakuwa na tatizo lolote. Ukurasa wa pili ukasita vilevile.

Mama mwenye ofisi alikwisha kununua kifurushi kikubwa zaidi, bei ikapanda, lakini hali haikubadilika. Ndipo macho ya watu yalipomgeukia kijana wa mapokezi.

“Simu yake inakwenda mbio kwa waifai hii hii yetu,” alisema mzee mhasibu kwa sauti ya chini, “ilhali kompyuta zetu zinakufa. Bila shaka anavuta filamu na mipira, sisi tunabaki na makombo.”

Kijana alikana. Hakuaminiwa. Jioni ya siku ya 19 mama alikuwa amemwambia kwamba, hali ikiendelea hivyo mpaka mwisho wa mwezi, itabidi watafutane baadaye. Ndugu msomaji, maneno hayo mfanyakazi yeyote anayajua maana yake.

FUNDI AULIZA MASWALI

Siku ile ya 20, saa nne asubuhi, aliitwa fundi. Alikuja dada mmoja wa makamo, mkoba begani, akawaamkia wazee, akavuta kiti. Hakugusa kompyuta hata moja. Alianza kwa kuuliza.

“Shikamoo mzee. Naomba unieleze: ukurasa ukishafunguka, picha zake huja polepole au haraka?”

“Marahaba mwanangu. Ukishafunguka huja haraka. Shida ni kufunguka.”

“Na mama, tatizo hili lilianza lini hasa?”

Mama akafikiri. “Tangu tulipohama kutoka kampuni ya kwanza ya intaneti kwenda hii ya sasa. Tulihama kwa sababu ya bei.”

“Na simu ya huyu mdogo wangu haisiti?”

“Haisiti kamwe!” mzee mhasibu alidakia. “Hilo ndilo neno lenyewe.”

Fundi alitabasamu. Jambo ambalo wenzake walilitumia kumhukumu kijana, yeye aliliona kuwa ndio ufunguo wa mlango. Ili tuelewe kwa nini, hatuna budi kwanza kutazama jinsi kompyuta inavyoitafuta kompyuta nyingine.

JINA NA NAMBA

Mwaka 2022 nchi yetu iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Barabara zilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Kabla ya hapo, mgeni aliyeshuka bandarini Mwanza kutoka Ukerewe, akimtafuta shangazi yake Mabatini, alikuwa na jina tu. Alimwendea balozi au mwenyekiti wa mtaa, akataja jina, akaelekezwa: pita kisimani, panda mlima, nyumba yenye mwembe. Jina ni la binadamu kukumbuka. Mahali ni jambo jingine, sharti lipatikane kwa kuuliza.

Intaneti nayo iko hivyo hivyo. Kila kompyuta iliyomo humo hufikiwa kwa namba. Binadamu hawezi kukariri namba hizo, kwa hiyo huandika majina, kama yale yanayoishia na .go.tz kwa ofisi za Serikali au .ac.tz kwa vyuo. Kila unapoandika jina jipya, kompyuta yako kwanza hutuma swali: “Jina hili namba yake ni ipi?” Anayeulizwa ni kompyuta maalumu iitwayo seva ya majina. Mfumo mzima hujulikana kwa herufi tatu, DNS. Jibu lisiporudi, safari haianzi, hata barabara ikiwa pana namna gani.

Zamani haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1970, kompyuta za mtandao wa utafiti wa Marekani ulioitwa ARPANET zilikuwa chache, na majina yake yaliandikwa katika daftari moja. Daftari hilo lilitunzwa katika taasisi ya SRI, mjini Menlo Park, California, na kikundi kilichoongozwa na mama aitwaye Elizabeth Feinler. Kompyuta zilipozidi kuongezeka, daftari moja halikutosha. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alitoa mpango mpya wa kugawana kazi: badala ya daftari moja la dunia nzima, kila eneo litunze majina yake lenyewe na liwaelekeze wanaouliza.

Kwa hiyo jina la intaneti husomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Huko juu kabisa ziko seva za mzizi, ambazo majina yake ni 13, kuanzia herufi a hadi m. Hizo humwelekeza muulizaji kwa watunzaji wa .tz, ambayo imo katika orodha ya mzizi tangu mwaka 1995. Watunzaji wa .tz humwelekeza kwa wa .go.tz, nao kwa ofisi inayotafutwa. Ni kama kutoka taifa, kwenda mkoa, wilaya, kata, mpaka mtaa. Safari hiyo yote huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na jibu likipatikana huwekwa kwenye kumbukumbu kwa muda ili lisiulizwe upya kila mara.

MLANGO USIOFUNGULIWA

Sasa turejee Kirumba. Fundi aliketi mbele ya kompyuta ya mhasibu, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Kwanza aliandika neno ping na namba ya ruta. Majibu yakarudi papo hapo. “Waya wenu mzima,” akasema. Kisha akaandika ping na namba 8.8.8.8, ambayo ni ya seva ya majina ya Google, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009. Majibu yakarudi tena, bila hata moja kupotea. “Barabara ya kutoka nje nayo iko wazi. Kampuni yenu ya sasa haina kosa.”

Mara ya tatu aliandika amri ya nslookup na kufuatisha jina la tovuti moja ya Serikali. Hapo skrini ikanyamaza. Moja, mbili. Kisha likaja tangazo kwamba swali limengojewa sekunde mbili na hakuna aliyejibu. Tangazo likarudia.

Fundi akafungua mahali panapoonyesha kompyuta inauliza majina kwa nani. Palikuwa na namba mbili zilizoandikwa kwa mkono. Ya pili ilikuwa ya seva ya umma iliyo hai. Ya kwanza ilikuwa ya seva ya ile kampuni waliyoihama.

Kumbe miaka mingi nyuma, fundi mwingine aliandika namba hizo katika kila kompyuta, na wakati ule zilifaa. Ofisi ilipohama, hakuna aliyekumbuka kuzifuta. Seva za majina za kampuni nyingi huwajibu wateja wao tu. Kwa hiyo kila kompyuta, kila ilipokutana na jina jipya, ilikwenda kwanza kupiga hodi kwenye nyumba ya balozi aliyehama, ikasimama mlangoni ikingoja, na ilipokata tamaa ndipo ikaenda kwa balozi wa pili, ambaye alijibu mara moja.

Kungoja huko kwaweza kuwa sekunde moja au mbili katika mashine moja, na katika nyingine hata sekunde tano kwa kila jaribio. Mtu atasema sekunde mbili si kitu. Lakini ukurasa mmoja wa siku hizi hauitwi kwa jina moja. Maandishi hutoka huku, picha kule, ramani kwingine, matangazo kwingine. Majina yaweza kufika makumi, na mengine hayajulikani mpaka ya kwanza yawe yamepatikana. Hivyo kungoja huzaa kungoja.

Na simu ya kijana je? Simu haikuandikwa namba na mtu yeyote. Ilipojiunga na waifai ilipewa na ruta anwani sahihi za kampuni mpya. Ndiyo maana haikusita. Alama iliyoonekana kuwa ya hatia ilikuwa, kwa kweli, ushahidi wa kumtetea.

Fundi alifuta namba zile katika kompyuta zote tano, akaziacha zipokee anwani kutoka kwenye ruta, akasafisha kumbukumbu kwa amri ya ipconfig /flushdns. Kazi yote haikuzidi nusu saa. Baba wa Sengerema alikuwa wa kwanza kuitwa.

SIKU MBILI ZA KUKUMBUKWA

Tofauti baina ya kukosa barabara na kukosa jina imekwisha kuonekana duniani kote, na sisi tulikuwamo.

Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, yapata saa 12:40 jioni kwa saa zetu, WhatsApp, Facebook na Instagram zilinyamaza kwa mkupuo. Wengi walizima simu na kuziwasha, wengine wakanunua bando jipya. Haikusaidia. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo katika kampuni yenyewe ilikuwa imekata mawasiliano ya vituo vyake, na seva zake za majina zikawa hazifikiki. Dunia nzima iliuliza jina, asipatikane wa kujibu. Tovuti nyinginezo ziliendelea kufunguka. Hali ilianza kutengemaa usiku wa manane ulipokuwa umekaribia kwetu.

Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mambo yalikuwa kinyume. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika katika bahari ya kusini mashariki mwa Afrika. Hapo barabara yenyewe ndiyo iliyokatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku kama hiyo, kubadili seva ya majina ni kumpa mgonjwa wa mguu dawa ya macho.

Wale waliotumia intaneti hapa Mwanza kabla ya 2009 wanakumbuka hali nyingine. Kabla waya wa Seacom haujafika Dar es Salaam mwezi Julai mwaka ule, mawasiliano mengi ya nchi na dunia yalipitia setilaiti zilizoko kilomita 36,000 juu ya ardhi. Swali kwenda na jibu kurudi lilichukua takribani nusu sekunde hata kila kitu kikiwa kizima. Watu walivumilia kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Siku hizi, ukiona kusita kwa sekunde mbili tatu kabla ya kila ukurasa, usidhani ni umbali. Yupo mtu anayepigiwa hodi naye hayupo.

HATUA ZA KUFUATA

Kwa manufaa ya wasomaji wanaofanya kazi katika ofisi ndogo, tunaorodhesha hapa utaratibu wa fundi yule. Asiye fundi anaweza kuufuata.

Kwanza, uliza ni nani anayeteseka. Ikiwa ni kompyuta moja tu, tatizo limo ndani yake. Ikiwa ni zote pamoja na simu, tazama ruta na kampuni ya intaneti. Ikiwa kompyuta zinasita na simu zinakwenda, linganisha anwani za seva za majina katika pande hizo mbili.

Pili, angalia namna ya ukawiaji. Ukurasa ukisita mwanzoni kisha ukaja kwa kasi, shuku majina. Ukianza upesi kisha ukajikokota mpaka mwisho, shuku msongamano: pengine kompyuta inapokea matoleo mapya ya programu zake, au simu ya mtu inapandisha mamia ya picha za harusi. Hapo ndipo kifurushi kikubwa kinaweza kusaidia, na hata hapo jaribu kwanza kupanga kazi hizo zifanyike usiku.

Tatu, pima kwa mfuatano: ruta kwanza, namba ya nje ya pili, jina la tatu. Usiruke. Majibu ya ruta yakipotea, tazama waya uliolegea, au ruta iliyofichwa nyuma ya kabati la chuma, kwani chuma huzuia mawimbi ya waifai. Na hapa kwetu, ambapo radi za ziwani hazina msamaha na umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, ruta nyingi huugua bila kufa. Kuizima kwa dakika moja na kuiwasha tena si ushirikina.

Nne, usiandike namba za seva katika kila mashine pasipo sababu. Ziandike mahali pamoja tu, kwenye ruta, nazo kompyuta zote zitapokea kutoka hapo. Siku ya kuhama kampuni utabadilisha mara moja. Ziwepo mbili, zote zikiwa hai; ya akiba ni ya kuokoa siku ya dharura, wala haiondoi kero ya kungojea ya kwanza iliyokufa.

Tano, ikiwa ofisi ina kompyuta ya kuhifadhia mafaili, au mashine ya kuchapishia inayoitwa kwa jina la humo humo ofisini, kumbuka kwamba seva ya umma iliyoko nje haiwezi kulijua jina hilo. Wako wanaoandika 8.8.8.8 kila mahali, intaneti ikafunguka vizuri, kisha wakashangaa mafaili ya ofisi hayaonekani.

Sita, kuwe na daftari. Andika kila namba iliyowekwa, tarehe yake, na sababu yake. Ofisi ile ya Kirumba ilipoteza miezi miwili kwa kukosa mstari mmoja wa wino.

ANAYEKUELEKEZA NI NANI?

Iko hatari moja ambayo haifai kupuuzwa. Anayekuelekeza njia anaweza pia kukupoteza. Mwezi Novemba 2011 nchini Estonia walikamatwa watu waliokuwa wameeneza programu haramu iliyoitwa DNSChanger. Programu hiyo ilibadilisha kimyakimya anwani ya seva ya majina katika kompyuta zaidi ya milioni nne, katika nchi zipatazo mia moja. Mtu aliandika jina sahihi, akapelekwa palipowafaa matapeli. Wapelelezi wa Marekani walipozichukua seva zile, walilazimika kuweka nyingine safi mahali pake kwa muda, kwani kuzizima ghafla kungewaacha mamilioni bila intaneti. Zilizimwa tarehe 9 Julai 2012.

Kwa hiyo ukikuta kompyuta yako inauliza majina kwa namba usiyoitambua, wala si ya kampuni yako, wala si ya seva ya umma inayojulikana, usiendelee kuandika namba zako za siri za benki. Mwite fundi. Na nywila ya ruta, ile iliyokuja nayo kutoka dukani, ibadilishwe siku ile ile inapofungwa.

NENO LA MWISHO

Saa tisa alasiri mabenchi yalikuwa matupu. Ritani zote zilikuwa zimepokelewa. Binti wa Sengerema alikuwa amekwisha kupata namba yake ya malipo, na baba yake akaondoka kuwahi kivuko.

Mama mwenye ofisi alimwita kijana mbele ya wenzake wote. “Mwanangu,” alimwambia, “nilikukosea, na nilikukosea mbele ya watu. Kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu.” Kijana aliinamisha kichwa, akajibu, “Yamekwisha, mama.” Mzee mhasibu naye alikohoa, akasema ataleta soda. Alizileta.

Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Kompyuta huuliza majina kabla ya kusafiri, na inapomuuliza asiyekuwapo, hupoteza muda wake na wetu. Sisi nasi, kabla ya kununua kifurushi kikubwa na kabla ya kumnyima mtoto wa mwenzetu riziki yake, tuulize kwa utaratibu: ni nani anayesita, tangu lini, na ni mlango wa nani unaopigiwa hodi.